Ngitili za Shinyanga na mipaka ya amri

Katikati ya miaka ya 1980 hali ya Mkoa wa Shinyanga ilikuwa mbaya kiasi cha kuitwa jangwa la Tanzania. Mvua haikuwa haba kiasi hicho: milimita 600 hadi 800 kwa mwaka zinatosha kustawisha migunga, mikwaju na malisho. Kilichopungua ni miti na majani ya kuyashika maji yasikimbie na udongo. Kuni zilifuatwa mbali, na kaya nyingi zilipikia mabua ya pamba au kinyesi cha ng'ombe, hivyo samadi iliyostahili kwenda shambani ikaishia mafigani.

Ni rahisi kumtupia mfugaji lawama zote, na wengi wamefanya hivyo. Historia ya Usukuma, nchi ya Wasukuma ambamo Shinyanga imo, haimwachi mfugaji salama, lakini inawataja na wengine. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni, kwa kuwatumia watemi, iliwakusanya watu kufyeka mapori makubwa ili kuwamaliza mbung'o. Nia ilieleweka, kwa kuwa nagana iliua mifugo na malale yaliua watu, ila pori lililofyekwa halikurudishiwa kitu. Baadaye ikaja pamba, zao lililohimizwa na serikali kabla na baada ya uhuru, nayo ikala ardhi ya malisho. Kisha, katika miaka ya 1970, ikaja Operesheni Vijiji. Watu walihamishiwa kwenye vijiji vipya, mahame yao yakabaki bila mwenyewe, na maeneo ya malisho yaliyokuwa yakitunzwa na familia kwa miaka mingi yakageuka shamba la bibi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya uharibifu ule ilitokana na maamuzi ya viongozi, tena viongozi waliokuwa na malengo ya maendeleo.

Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, ulianzishwa mwaka 1986. Mwanzoni ulifuata njia iliyozoeleka serikalini: vitalu vya miche, kampeni za kupanda miti, mabwana misitu wakigawa miche na kuhesabu mashimo. Wanakijiji waliwaonyesha wataalamu njia nyingine. Miti waliyoitaka ilikuwa bado hai chini ya ardhi, katika mizizi na visiki. Ilihitaji kupumzishwa tu. Na Wasukuma walikuwa na utaratibu wa kuipumzisha, unaoitwa ngitili.

Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa katikati ya kiangazi, nyasi za kwingineko zikishakwisha. Kwa kawaida hakuna uzio wa waya. Mipaka hujulikana kwa mti fulani, njia ya ng'ombe, kichuguu au korongo, na kila jirani anaifahamu. Ngitili ya familia mara nyingi ina hekta chache, karibu na nyumbani. Ya kijiji yaweza kufika makumi au mamia. Zikifunguliwa, huingizwa kwanza ndama, ng'ombe wagonjwa na wale wa kukamuliwa, pamoja na maksai wanaosubiriwa na jembe. Ndani ya miaka michache ya kufungwa, visiki huchipua, na pamoja na fito na kuni hurudi dawa za miti shamba, uyoga, matunda na asali.

Mwenye kuvunja mipaka hushughulikiwa na dagashida, baraza la jadi la wanakijiji, na sungusungu, walinzi wa jadi, huhakikisha faini inalipwa. Hapo ndipo uongozi wa HASHI ulipofanya kazi yake bora, nayo haikuwa ya kupanda miti. Maofisa waliitambua dagashida badala ya kuipuuza, wakasaidia kanuni zake ziingizwe katika sheria ndogo za vijiji, ambazo serikali za mitaa zimepewa mamlaka ya kuzitunga tangu mwaka 1982. Bwana misitu hawezi kulala porini kila usiku. Jirani yupo siku zote, na faini anayoitoza inauma kwa sababu anayetozwa atakutana naye kesho mnadani.

Mradi ulipoanza, ngitili zilizorekodiwa zilikuwa takriban hekta 600. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 makadirio yalikuwa zaidi ya hekta 350,000 katika vijiji 833 vya mkoa huo, ambao wakati ule ulijumuisha wilaya ambazo sasa zimo Simiyu. Mwaka 2002 HASHI ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Tathmini ya mwaka 2005 ilikadiria kuwa mazao ya ngitili yalimpatia mtu mmoja thamani ya dola 14 za Marekani kwa mwezi, kiasi kilichozidi wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini nchini.

Kondoa, mkoani Dodoma, ilipita njia tofauti. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza mwaka 1973, ulitumia matrekta kuchimba matuta ya kukinga maji, na mwaka 1979 serikali ikaamuru mifugo yote iondolewe katika eneo lililomomonyoka la kilomita za mraba zipatazo 1,256. Miti ilirudi na makorongo yakaanza kuziba. Anayesema amri haifanyi kazi atajibiwa na vilima hivyo. Lakini gharama walibeba wafugaji, na ulinzi ulitegemea askari na fedha za wafadhili. Mradi ulipodhoofika, mifugo ilianza kurudi kinyemela. Amri ilirudisha majani bila kuwapa wenyeji sababu ya kuyalinda wenyewe.

Shinyanga nayo ina dosari. Mwenye ng'ombe wengi ndiye mwenye ngitili kubwa, huku maskini akitegemea ile ya kijiji, ambayo ndiyo ya kwanza kumegwa viongozi wanapotafuta viwanja. Isitoshe, mifugo mingi ya Usukuma ilikwisha kuhamia kusini, hadi bonde la Usangu. Mwaka 2006 serikali iliiondoa huko kwa nguvu baada ya mto Ruaha Mkuu kukauka kila kiangazi tangu 1993, ingawa skimu za mpunga zilizokuwa zikichepusha maji ya mto huo hazikuguswa kwa ukali uleule. Mkoa mmoja unaweza kupona huku mwingine ukibeba sehemu ya mzigo wake, na jambo hilo haliamuliki na dagashida. Ni la serikali kuu.

Ibara ya 27 ya Katiba inampa kila mtu wajibu wa kulinda mali asilia. Wajibu huo ni mgumu kudaiwa kwa mtu asiyejua kama mwakani ardhi itakuwa yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu familia, kikundi au kijiji kuandikishiwa ardhi kwa hati ya hakimiliki ya kimila, na ngitili yaweza kuandikishwa hivyo. Madiwani na wakurugenzi wa halmashauri za Shinyanga na Simiyu wanaoongoza kampeni za upandaji miti kila msimu wa mvua wangefanya la maana zaidi kwa kutenga fedha za kupima ngitili na kutoa hati hizo, wakianza na zile za vijiji.