Magari ya mamilioni ya dola: Kwa nini yananunuliwa ilhali hayaendeshwi?

Septemba 29, 2019, katika klabu ya gofu iliyoko kijiji cha Chéserex, karibu na mji wa Geneva nchini Uswisi, Lamborghini moja nyeupe isiyo na paa ilipigwa mnada na kununuliwa kwa zaidi ya faranga milioni 8 za Uswisi. Gari hilo, aina ya Veneno Roadster, lilitengenezwa mwaka 2014, na duniani kote yapo 9 tu ya aina yake. Linaweza kufikia mwendo wa kilomita 355 kwa saa.

Lakini dashibodi yake ilionyesha kuwa tangu litoke kiwandani lilikuwa limetembea kilomita 325 tu. Huo ni umbali usiotosha hata safari moja ya kutoka Nairobi hadi Mombasa. Ukigawanya bei ya mnada kwa umbali huo, utakuta kila kilomita iliyosafiriwa inasimamia takriban faranga 25,000.

Gari hilo lilikuwa moja kati ya magari 25 yaliyokuwa ya Teodoro Nguema Obiang Mangue, makamu wa rais wa Guinea ya Ikweta na mtoto wa rais wa nchi hiyo. Waendesha mashtaka wa Geneva waliyashikilia katika uchunguzi wa utakatishaji wa fedha ulioanza mwaka 2016. Mnada huo ulivuta macho ya wengi kwa sababu ya majina ya magari: Ferrari, Bugatti, Koenigsegg, McLaren, Aston Martin. Swali lililopewa nafasi ndogo zaidi ni hili: mtu ananunua nini hasa anaponunua gari la namna hiyo?

Mvuto wenyewe ni wa kweli

Si haki kusema kuwa wanaoyapenda magari haya wamepumbazwa tu na majina. Bugatti Veyron, iliyoanza kuuzwa mwaka 2005, ni kazi ya uhandisi ambayo wataalamu wengi waliiona haiwezekani. Injini yake ina silinda 16, ujazo wa lita 8, turbo 4 na nguvu za farasi 1,001. Ili injini hiyo isijichome kwa joto lake yenyewe, gari lilifungwa rejeta 10, wakati gari la kawaida la familia linatosheka na moja au mbili. Lilifikia kilomita 407 kwa saa, huku likiwa na viti vya ngozi na kiyoyozi.

Kuna pia mvuto wa uadimu. Veyron zilitengenezwa 450 tu hadi mwaka 2015. Ferrari ilipotoa LaFerrari, haikutosha kuwa na pesa. Kampuni ndiyo iliyochagua wateja wa kuuziwa. Mnunuzi hapo anapata gari na pia uthibitisho kwamba amehesabiwa miongoni mwa wachache.

Na upo mvuto ambao hauhitaji pesa kabisa. Kijana anayebandika picha ya gari ukutani, au anayesimama barabarani kusikiliza mngurumo wake likipita, hana mpango wa kulinunua. Anaona mfano wa mwisho wa kile ambacho binadamu anaweza kukiunda. Mvuto huo ndio unaompa mwenye gari hadhi yake, kwa kuwa bila watazamaji gari hilo lingekuwa chuma ghali tu.

Kasi inavyokula mali

Tatizo linaanza na hewa. Gari linapokwenda kasi hulazimika kuisukuma hewa iliyo mbele yake, na nguvu inayohitajika kuishinda hewa hiyo haiongezeki kwa uwiano sawa na mwendo. Ukiongeza mwendo maradufu, nguvu inayohitajika huwa mara nane. Ndiyo maana Veyron huhitaji takriban nguvu za farasi 270 tu kwenda kilomita 250 kwa saa, na zaidi ya 700 zilizobaki hutumika kuiongezea kilomita 150 za mwisho.

Gharama ya kilomita hizo za mwisho inaonekana kila mahali. Kwa mwendo wake wa juu kabisa, tangi la Veyron la lita 100 hukauka kwa dakika 12 hivi. Tairi zake, zilizotengenezwa maalumu na Michelin, hazikutarajiwa kudumu zaidi ya dakika 15 kwa mwendo huo. Kwa maneno mengine, kinachomwokoa dereva asipasukiwe na tairi ni kwamba mafuta yatakwisha kwanza. Seti moja ya tairi hizo hugharimu makumi ya maelfu ya dola, na matengenezo ya kawaida ya mwaka nayo yamo katika kiwango hichohicho.

Hata mtengenezaji hakupona. Mwaka 2013, wachambuzi wa Bernstein Research walikadiria kuwa kampuni mama, Volkswagen, ilipata hasara ya zaidi ya dola milioni 6 kwa kila Veyron iliyouzwa. Volkswagen ilikubali hasara hiyo kwa sababu ileile inayowafanya wateja walinunue gari hilo, yaani sifa ya kuwa na kitu ambacho hakuna mwingine anacho.

Barabara iko wapi?

Mwenye gari la kilomita 400 kwa saa anahitaji mahali pa kuliendesha, na mahali hapo ni haba. Kampuni ya Bugatti hufanya majaribio yake Ehra-Lessien, kaskazini mwa Ujerumani, kwenye njia yenye sehemu iliyonyooka ya karibu kilomita 9. Hapo ndipo Agosti 2019 gari la Chiron lililofanyiwa marekebisho lilifikia kilomita 490 kwa saa. Lakini hiyo ni njia ya majaribio, si barabara ya umma.

Ujerumani ndiyo nchi inayojulikana kwa barabara kuu zisizo na kikomo cha mwendo katika baadhi ya sehemu, ingawa mwendo unaopendekezwa na serikali ni kilomita 130 kwa saa. Mwaka 2021 mfanyabiashara mmoja wa Jamhuri ya Czech aliendesha Chiron yake kwa kilomita 417 kwa saa kwenye barabara ya A2. Video yake ilipotoka mwaka uliofuata, wizara ya usafiri ililaani kitendo hicho na waendesha mashtaka wakaanzisha uchunguzi. Kesi ilifutwa kwa kukosa ushahidi kwamba sheria ilivunjwa, lakini tukio lenyewe lilionyesha jambo moja: hata katika nchi inayoruhusu, kulitumia gari hilo kwa kazi liliyoundiwa ni karibu na kosa la jinai.

Kwingineko hali ni ngumu zaidi. Dubai, polisi walipewa Lamborghini na baadaye Bugatti Veyron, lakini kazi kubwa ya magari hayo ni kuonekana kwenye maeneo ya watalii. Nchini Kenya na Tanzania, mwendo unaoruhusiwa mijini ni kilomita 50 kwa saa, na gari ambalo tumbo lake liko sentimita kumi hivi kutoka ardhini halivuki tuta la kawaida bila kukwaruzwa. Zaidi ya hayo, Veyron na Chiron zilitengenezwa zikiwa na usukani upande wa kushoto tu, na Kenya kwa kawaida haisajili magari ya namna hiyo.

Sasa tuchukue Guinea ya Ikweta yenyewe. Mji wa Malabo, uliokuwa makao ya serikali kwa miongo mingi, uko kwenye kisiwa cha Bioko, ambacho kina urefu wa kilomita 70 hivi. Hata kama kungekuwa na barabara iliyonyooka toka ncha moja hadi nyingine, Veyron ingekimaliza kisiwa chote kwa takriban dakika kumi. Haishangazi basi kwamba magari hayo yalikutwa Ulaya.

Thamani yake ni kutotumika

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha jambo. Gari la kawaida hupoteza thamani tangu siku linapotoka dukani. Gari la kasi lililo adimu hufuata kanuni tofauti: kadiri linavyotumika kidogo, ndivyo linavyopanda bei.

Mfano mzuri ni McLaren F1, gari la Uingereza la miaka ya 1990 ambalo lilitengenezwa 106 tu. Lilipokuwa jipya liliuzwa kwa chini ya dola milioni moja. Agosti 2021, moja kati ya hayo liliuzwa huko Pebble Beach, Marekani, kwa zaidi ya dola milioni 20. Lilikuwa limetembea takriban kilomita 390 katika robo karne. Mnunuzi alilipia zaidi kile ambacho mmiliki wa kwanza hakukifanya, yaani kuliendesha.

Gari la aina hii, kwa hiyo, hukaa kwenye kundi moja na michoro ya wasanii mashuhuri, almasi na saa za mkono za bei mbaya. Ni akiba ya mali yenye magurudumu. Linabeba mamilioni katika nafasi ndogo, linasafirishwa kwa ndege, na linahifadhiwa kwenye ghala lenye kiyoyozi. Sifa hizohizo zinazolifaa kwa mwekezaji halali zinalifanya limfae pia mtu anayetaka kuhamisha fedha ambazo asili yake haielezeki.

Fedha za nani?

Guinea ya Ikweta ilianza kupata utajiri mkubwa wa mafuta katikati ya miaka ya 1990. Rais wake, Teodoro Obiang Nguema Mbasogo, yuko madarakani tangu Agosti 1979. Mtoto wake alikuwa waziri wa kilimo na misitu, na kwa mujibu wa Wizara ya Sheria ya Marekani, mshahara wake rasmi haukufika dola 100,000 kwa mwaka, huku mali alizojikusanyia zikizidi dola milioni 300.

Mwaka 2011, polisi wa Ufaransa waliyabeba magari yake ya kifahari kutoka kwenye jumba lake la mtaa wa Avenue Foch, Paris. Oktoba 2017 mahakama ya Paris ilimtia hatiani kwa kutakatisha fedha zilizotokana na ufisadi na ubadhirifu, na mwezi Julai 2021 mahakama ya juu kabisa ya Ufaransa ikathibitisha hukumu hiyo. Nchini Marekani, mwaka 2014 alikubali kuachia jumba la Malibu na Ferrari moja, miongoni mwa mali nyingine. Uswisi haikumhukumu, kesi ilifungwa Februari 2019 kwa makubaliano kwamba magari yauzwe na mapato yake yaende kwenye miradi ya kijamii nchini mwake. Yeye mwenyewe amekuwa akikanusha kutenda kosa, akisema mali hizo alizipata kihalali.

Kuna sehemu ya habari hii inayostahili kukumbukwa kuliko bei za mnada. Septemba 2021, Marekani ilitangaza kuwa zaidi ya dola milioni 26 zilizotokana na mali zake zilizouzwa huko zitatumika kununua chanjo za Uviko-19, dawa na vifaa tiba kwa ajili ya watu wa Guinea ya Ikweta. Fedha ambazo zingebaki zimefunikwa turubai gerejini zikawa sindano mkononi mwa mgonjwa.

Bila shaka si kila mwenye gari la namna hii ni mwizi. Wengi ni wafanyabiashara, wanamichezo na wasanii waliotoa jasho lao, na wana haki ya kutumia fedha zao wapendavyo. Pia ni kweli kwamba baadhi ya teknolojia iliyoanzia kwenye magari ya bei mbaya imefika kwenye magari ya kawaida. Lakini hoja hizo zinahusu fedha za mtu binafsi. Fedha zikiwa za umma, swali la kama gari linafaa au halifai kwa barabara linageuka kuwa swali la nani amekosa dawa.

Kasi imeshuka bei, hadhi haijashuka

Hivi sasa magari ya umeme yanaibadili hesabu. Septemba 2025, gari la umeme la Yangwang U9 Xtreme, kutoka kampuni ya BYD ya China, lilifikia kilomita 496 kwa saa kwenye njia ya majaribio ya Papenburg, Ujerumani. Kampuni iliyojengwa kwa betri na magari ya watu wa kawaida imeipita rekodi ya Bugatti.

Jibu la Bugatti linaeleza mengi. Gari lake jipya, Tourbillon, lililozinduliwa mwaka 2024, limebaki na injini ya silinda 16 likiongezewa mota za umeme, na saa zake za dashibodi zimeundwa na mafundi wa saa wa Uswisi. Yatatengenezwa 250 tu, kwa bei inayoanzia euro milioni 3.8. Kampuni imetambua kwamba wateja wake hawakuwa wakinunua kasi. Kasi inaweza kupatikana kwingine kwa bei nafuu zaidi, uadimu hauwezi.

Kwa hiyo, picha ya gari la namna hii ikionekana tena mtandaoni likiwa la kiongozi fulani, swali la kwanza lisiwe linakwenda kasi gani. Mara nyingi haliendi popote. La kuuliza ni mshahara wake ni kiasi gani, na ni nani aliyelipa.