Bei za Mazao: Kunakili kwa Mkono Kukome

Mfanyabiashara wa nafaka anayepeleka lori Songea au Kibaigwa hulitegemea jedwali la bei kuliko mdomo wa dalali. Kwa hiyo ana haki ya kuuliza jedwali hilo limeandaliwaje.

Mtindo uliozoeleka ni huu: takwimu za masoko yote hukaa katika faili moja refu. Karani huchagua mistari ya soko moja, huinakili na kuibandika katika karatasi yake ya Excel, kisha hurudia hivyo hivyo kwa kila soko, kila wiki. Tuseme bei ya Songea imebandikwa kwa makosa kwenye karatasi ya Kibaigwa, na tofauti ni Sh. 15,000 kwa gunia. Mwenye magunia 300 hesabu yake imepotoka kwa Sh. 4,500,000 kabla hajalipa ushuru wala dizeli. Naye karani hana namna ya kuonyesha alikosea wapi.

Ni maoni ya safu hii kwamba kazi hiyo ifanywe kwa amri zilizoandikwa. Katika programu ya Stata, mstari mmoja unatosha kwa soko moja:

export excel using bei.xlsx if soko=="Songea", sheet("Songea") sheetreplace firstrow(variables)

Mstari huo ukizungushwa kwa kila jina la soko, karatasi zote hujitengeneza. Tahadhari moja: neno la kutumia ni sheetreplace, linalobadilisha karatasi moja tu. Ukiweka replace peke yake, kila soko litafuta faili zima la lililotangulia, na mwisho utabaki na soko moja.

Wapo watakaosema Stata ni ya kulipia. Ni kweli, lakini R ni ya bure na inafanya kazi hiyo hiyo. Wengine watasema amri nayo hukosea. Hilo nalo ni kweli, ila kosa la amri limeandikwa; hulisomwa, likasahihishwa, na kazi ikarudiwa kwa dakika chache.

Hata hivyo amri haiondoi wajibu wa kuhesabu. Mwaka 2020 huko Uingereza, wagonjwa 15,841 wa Covid hawakuingia katika taarifa kwa wakati, kwa sababu faili la mtindo wa zamani wa Excel huishia mistari 65,536. Mistari iliyozidi ilikatwa kimya kimya.

Basi anayelipia taarifa za bei adai mambo mawili: amri zilizotumika zihifadhiwe, na karatasi ya mwisho ionyeshe idadi ya mistari ya kila soko, ilinganishwe na faili la asili. Jumla zikipishana, asipakie mzigo. Mali bila daftari hupotea bila habari.