Mwenye Mtungi Amtii Mwenye Usukani



Wenzetu wanaofanya kazi ya vyombo vya majini, toka Kendu Bay na Homa Bay mpaka Mbita, Mfangano, Sori na Muhuru Bay, wanaijua vema kazi ya samaki, ya abiria na ya mizigo. Lakini iko kazi nyingine ambayo haisemwi sana katika mikutano yetu, nayo ni kazi ya kuwachukua wapiga mbizi pamoja na mitungi yao ya hewa. Tumeona yafaa tuiseme leo, maana ndani yake mna hatari nyingi, na malipo yake hayana mpango.

Wageni wanaopiga mbizi kwa kujifurahisha huenda zaidi baharini, Watamu, Diani, Pemba na Mafia, ambako maji ni maangavu na samaki wa rangi wanaonekana. Ziwa letu si hivyo. Maji yake ni ya kijani, na ukishuka kidogo tu giza linaingia. Kuna nyavu zilizopotea zinazoweza kumnasa mtu miguu. Kuna kichocho kandokando ya fuo, na viboko na mamba nao wana mahali pao. Kwa hiyo mtu anayezama hapa na mtungi mgongoni, mara nyingi amekuja kazini: ni askari aliyeitwa kutafuta maiti, au mtafiti wa samaki, au fundi wa chombo kilichozama. Huyo ni mfanyakazi kama sisi. Na nahodha, na baharia, na mchukuzi, na dereva, hao nao ni wafanyakazi. Basi maneno yetu ni haya: watu hawa wote ni kundi moja la kazi, na adabu ya chomboni iwe moja kwa wote, bila kujali nani amevaa suti ya mpira na nani amevaa kaptura iliyochanika.

Adabu ya kwanza ni kwamba chombo kina mkubwa mmoja. Mtu anayekodi mashua hununua safari, hanunui akili ya nahodha. Nahodha akisema upepo wa alasiri umeanza na hatutoki, hatutoki. Akisema mzigo umezidi, mzigo upunguzwe. Tunajua jinsi mambo yanavyokwenda: mgeni hutoa noti mfukoni, au mkubwa wa ofisi hupandisha sauti, na nahodha huona haya kukataa mbele ya watu. Wapo na wenzetu wanaokubali noti ile. Hao tunawaambia kwa upole, fedha ya siku moja haitoshi kununua sanda.

Tazameni hesabu yenyewe. Mtungi mmoja wa alumini wa kawaida ni kilo 14 hivi ukiwa mtupu, na ukijazwa hewa hufika kilo 16 au zaidi. Wapiga mbizi sita wenye mitungi miwili kila mmoja wanaleta karibu kilo 200 za mitungi peke yake. Ongezeni vipande vya risasi vya kuwazamisha, kilo 6 kwa mtu, na mfuko wa vifaa wa kilo 15. Jumla yapita kilo 300. Nahodha aliyepatana kuchukua watu sita, kumbe anachukua uzito wa watu kumi. Tena mzigo huu haukai kama magunia ya omena. Mtungi ni mviringo, hubingirika, na chombo kikiyumba mitungi yote huenda upande mmoja.

Tusisahau yaliyotokea katika ziwa hili hili, upande wa Tanzania. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara. Kilikuwa kimeruhusiwa watu 101, lakini kilibeba zaidi sana, na watu zaidi ya 220 wakafa. Siku mbili baadaye wapiga mbizi walimtoa fundi mmoja wa injini akiwa hai ndani ya chombo kilichopinduka. Hapo twaona mambo mawili. Uzito ukizidi, ziwa halisamehe. Na mpiga mbizi anapofanya kazi yake vizuri, hurudisha mtu ambaye jamaa zake wamekwisha kumlilia.

Adabu ya pili ni ya injini na hesabu ya vichwa. Mtu akiwa majini, injini isiwashwe mpaka nahodha ajue alipo. Panga la injini halichagui kati ya samaki na binadamu. Chombo kipandishe bendera ya weupe na samawati, ambayo mabaharia wa dunia nzima wanaijua kuwa ni alama ya mtu aliye chini ya maji, na wenzetu wa nyavu wakiiona wapite mbali. Na kabla ya kung'oa nanga, mtu mmoja aliyetajwa kwa jina ahesabu watu, kisha nahodha naye ahesabu mwenyewe. Mwaka 1998 huko Australia boti moja ya wapiga mbizi ilirudi bandarini ikawaacha mume na mke baharini kwa sababu hesabu ilikosewa, wala hawakupatikana tena. Mwaka 2019 huko California boti iitwayo Conception iliungua usiku ikiwa na wapiga mbizi wamelala chini, wakafa watu 34, na mmoja wao alikuwa baharia. Hapakuwa na mtu wa zamu ya kuzunguka usiku. Nahodha wake alishtakiwa, akafungwa. Ndugu zetu, mkubwa wa chombo akiheshimiwa apaswa naye kuistahili heshima ile. Asiyeweka zamu na asiyehesabu watu hana haki ya kuitwa nahodha.

Adabu ya tatu ni ya mizigo barabarani. Hapa twawatetea wachukuzi na madereva. Ndani ya mtungi uliojaa hewa imeshindiliwa kwa nguvu inayokaribia mara mia ya ile ya gurudumu la gari. Ukianguka ukavunjika kichwa, huruka kama kombora. Lakini tumeona mchukuzi akitupiwa mtungi mabegani kana kwamba ni mkungu wa ndizi, bila mtu kumwambia ni kitu gani. Mwenye mzigo aseme mapema ndani mna nini, mitungi ilazwe na kufungwa kwa kamba, isiachwe juani, na mchukuzi alipwe kwa kilo, si kwa kipande. Anayekuja kwa ndege ndogo mpaka Kabunde au Lichota anajua kwamba mtungi hauingii ndegeni ila ukiwa mtupu na umefunguliwa. Ikiwa ndege ina sheria, kwa nini mgongo wa mchukuzi usiwe na sheria?

Na kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui, nalo ni kubwa. Mtu akipumua hewa ya mtungi chini ya maji, sehemu ya hewa hiyo iitwayo naitrojeni huingia katika damu na nyama za mwili. Akipanda polepole hutoka bila madhara. Akipanda haraka hufanya mapovu, kama soda iliyofunguliwa kwa ghafula, na mapovu hayo huumiza viungo, hupoozesha, hata huua. Vipimo ambavyo wapiga mbizi hufundishwa kwa kawaida vimeandikwa kwa watu wa baharini. Lakini Ziwa Victoria liko juu ya bahari mita 1,134 hivi, ambako hewa ni nyepesi. Kwa hiyo mita 18 za ziwani zahesabiwa kama zaidi ya mita 20 za baharini. Anayekuja toka Mombasa na desturi zake za Mombasa aweza kuumia hapa akidhani amefuata sheria.

Tena safari ya kurudi ni hatari vilevile. Wataalamu wanasema mtu asipande ndege kabla ya saa 12 kupita akiwa amezama mara moja, na saa 18 akiwa amezama mara nyingi. Wengi wanalishika neno hilo kwa ndege, wakasahau barabara. Toka Homa Bay gari hupanda mpaka Kisii, karibu mita 1,700, na njia ya Kericho na Mau hupita mita 2,000 na zaidi. Kwa mwili wa mtu aliyetoka chini ya maji, kuupanda mlima ule ni kama kupanda ndege. Jeshi letu la majini liko pwani, nalo huitwa mpaka bara: Oktoba 2017 wapiga mbizi wake walitafuta helikopta iliyoanguka katika Ziwa Nakuru, ambalo liko juu zaidi ya ziwa letu. Basi dereva anapoambiwa jioni, "Washa gari, twende Nairobi usiku huu," na nyuma wamekaa watu waliozama mchana, dereva huyo ana haki ya kuuliza walitoka majini saa ngapi. Kuuliza hivyo si ufidhuli, maana roho zao ziko mikononi mwake.

Sasa tuje kwa watu ambao jina lao halimo katika karatasi yoyote. Mtu akizama Muhuru Bay au Mfangano, wa kwanza kuingia majini ni mvuvi. Hana mtungi, hana miwani, hana kamba ya kumvuta. Hujaza kifua pumzi akazama, tena na tena, mpaka maiti ipatikane au nguvu zimwishie. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, wavuvi ndio waliotangulia kufika na mitumbwi yao. Walikuwamo watu 43, wakapona 24. Ulimwengu wote uliwasifu wavuvi wale. Sifa ni njema, lakini sifa hazilipi karo ya watoto, wala hazimtibu mtu kichocho alichokipata kwa ajili ya maiti ya mwenzake.

Watu wengine watasema kwamba kumtafuta marehemu ni utu, na utu haulipwi. Twakubali kwamba ni utu. Lakini daktari pia hutenda utu, naye hupokea mshahara. Mvuvi aliyeitwa na wakuu kufanya kazi ya serikali siku tatu, bila kutega wavu wake, ametoa kazi, na kazi ina ujira. Kama ni jambo la kujitolea, basi wote wajitolee, na yule aliyekaa ufuoni na kitabu cha kuandika naye aache posho yake.

Sheria haituachi mikono mitupu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mtu haki ya kutendewa sawa kazini. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema kwamba mfanyakazi akitoa habari ya hatari kubwa iliyo karibu, mwajiri asimlazimishe kurudi mahali pale mpaka hatari iondolewe. Na sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, ya mwaka huo huo, yamtaka mwajiri awe na bima. Lakini sheria ni kama kasia: ikilala ndani ya mashua haisogezi chombo.

Kwa hiyo twataka haya. Kwanza, kila ufuo uwe na bei iliyoandikwa ya kuchukua wapiga mbizi, kwa watu na kwa kilo za mizigo. Pili, uzito upimwe ufuoni kabla ya kupakia, na neno la nahodha liwe la mwisho. Tatu, jaketi za kuokoa maisha ziwe za kila mtu chomboni, mabaharia pamoja. Nne, wavuvi wanaoitwa kuzama waandikwe majina, walipwe, wapewe bima na dawa ya kichocho, tena wafundishwe na kupewa vifaa. Tano, safari ya kurudi barabarani ipangwe pamoja na dereva kabla ya mtu kuingia majini.

Wageni wengi wanaofika Rusinga huenda kuliona kaburi la Tom Mboya. Yeye alikuwa mtu wa chama cha wafanyakazi kabla ya kuwa waziri, na mwaka 1955 makuli wa Mombasa walipogoma alisimama kati yao na waajiri mpaka wakapata nyongeza ya mshahara. Makuli wale hawakupewa kwa sababu ya kuhurumiwa. Walipewa kwa sababu walisema neno moja kwa sauti moja. Nasi wa mashua tukiwa na nahodha mmoja anayekataa mzigo uliozidi na wa pili anayeuchukua kwa bei nusu, tutabaki pale pale. Tukikataa wote, mwenye mzigo atapunguza.

Njooni mkutanoni, kila ufuo ulete mtu wake. Umoja ni nguvu.