Kihariri Chenye Akili na Daftari la Omena

Majuzi nilivuka daraja la Mbita nikaingia Rusinga kumjulia hali dada yangu, ambaye huuza omena. Jioni, mwanawe anayesomea kompyuta chuo kikuu alinivuta kando.

"Mjomba, nisaidie kumwomba Mama Sh2,600 kila mwezi," akasema.

Nilishtuka. Kumbe alitaka kulipia kihariri, yaani ile programu ambamo watengenezaji wa programu za kompyuta huandikia kazi yao. Siku hizi vihariri vimetiwa akili bandia. Ukianza mstari, chenyewe kinaumalizia; ukieleza unalotaka, kinakuandikia ukurasa mzima.

Vipo vingi, na si ajabu vijana wanachanganyikiwa. Visual Studio Code ya kampuni ya Microsoft, iliyotoka mwaka 2015, haina malipo. Ndani yake mtu anaweza kutumia msaidizi aitwaye GitHub Copilot, aliyefunguliwa kwa wote mwaka 2022 kwa dola 10 kwa mwezi. Desemba 2024 kukaongezwa mpango wa bure wenye kipimo. Cursor ilitoza dola 20 kwa mwezi mwaka 2025, na ndiyo hizo Sh2,600 za mpwa wangu. Windsurf ilikuja Novemba 2024. Hizi mbili zilijengwa juu ya msingi wa Visual Studio Code, kwa hiyo aliyezoea moja hapotei kwenye nyingine.

Nilimwuliza kijana amekwisha kutengeneza nini. Akanionyesha programu ya madeni ya mama yake, aliyoitengeneza kwa kujaribu kihariri kimoja bila malipo. Ilipendeza machoni. Lakini dada yangu alitikisa kichwa. Mteja mmoja alichukua gorogoro nne za omena, akalipia mbili, na programu ikamfuta kabisa katika orodha ya wadaiwa! Lau si daftari lake kuukuu, pesa hizo zingekwenda na maji.

"Kosa liko wapi?" nikamwuliza kijana.

Hakujua. Hakuwa ameandika hata mstari mmoja, wala hakuwa ameisoma.

Msomaji, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Je, anayetegemea akili ya mashine? Mwaka 2025 taasisi ya utafiti ya Marekani iitwayo METR iliwapima watengenezaji programu 16 wenye uzoefu, katika kazi walizozijua vizuri. Walipotumia akili bandia walichelewa kwa asilimia 19, ilhali wenyewe waliamini wameharakisha kwa asilimia 20. Ikiwa mafundi walijidanganya hivyo, mwanafunzi je?

Kabla ya kulipa, jiulize mambo matatu. Kwanza, umetumia mpango wa bure mpaka kipimo chake kikakwisha? Pili, umehesabu bando? Wasaidizi hawa hukaa kwenye mitambo ya mbali, na mtandao ukikatika hunyamaza. Kinachobaki ni kihariri kitupu na kile ulicho nacho kichwani. Tatu, na hili ndilo kubwa, unaweza kumweleza mwenzako kazi hiyo mstari kwa mstari? Kama huwezi, kihariri cha bei ghali kitakuzidishia makosa usiyoyaona.

Usiku ule nilimtaka mpwa wangu anisomee programu yake yote kwa sauti, akinieleza kila mstari kana kwamba mimi ndiye mteja. Ilipokaribia saa nne akanyamaza, kisha akacheka. Programu ilikuwa ikiuliza kama mteja amelipa. Haikuuliza amelipa kiasi gani. Akairekebisha kwa mkono wake mwenyewe, na habari ya Sh2,600 hakuirudia tena.

Asubuhi dada yangu aliijaribu kwa deni la yule yule mteja. Gorogoro mbili zikabaki palepale.

"Nitaitumia," alisema, "lakini daftari langu silitupi."

Naye ana haki. Hadi Jumapili ijayo.