Pampu Haizibi Ufa

Wapo wanaodai kuwa mashua yenye pampu ya betri haina haja ya kukalafatiwa. Nawapinga. Jirani yangu aliamini hivyo. Betri ikaisha usiku, asubuhi tukaona mlingoti peke yake.

Pampu yangu nimeitengeneza mwenyewe: kipande cha bomba la plastiki, ufito wenye kizibo cha ngozi, vali mbili za mpira wa tairi, na chujio ili taka za ngama zisiikwamishe. Kila asubuhi naivuta kwa mkono huku nikihesabu. Mivuto 20 ni kawaida ya mbao. Ikifika 60, naipandisha mashua pwani, nautafuta ufa na kuupiga pamba.

Pampu ya betri haisemi neno. Hutoa maji na kuficha ugonjwa. Tundu la sentimita 2, nusu mita chini ya maji, huingiza zaidi ya lita 30 kwa dakika. Betri gani itashindana na bahari usiku kucha?

Darasani sikumsifu mwanafunzi aliyefuta kosa bila kulisahihisha. Vivyo hivyo, ngama kavu si ushahidi wa chombo kizima. Tutengeneze pampu, lakini kwanza tuzibe nyufa.