H kwenye karatasi si bakteria kwenye damu

Kuanzia Mailimoja hadi Kisarawe mjini, kauli imeshazoeleka: "Una maambukizi kwenye damu." Mgonjwa anatoka na karatasi ya FBP, kipimo cha kuhesabu chembe za damu, limfosaiti zimewekewa herufi H, yaani ziko juu, na mkononi tayari ana kanula ya antibiotiki ya seftriaksoni. Siku tano za sindano, na bili yake. Naipinga kauli hiyo, na nawapinga zaidi wanaoiuza.

Limfosaiti ni chembe nyeupe zinazoongezeka hasa mwili unapopambana na virusi, iwe vya homa ya ini au hata VVU maambukizi yakiwa bado mapya. Bakteria wengi hupandisha nyutrofili. Kifaduro kinavunja kanuni hii, ndiyo, lakini kikohozi chake huwa kimeshakitangaza kabla ya mashine.

Tena H yenyewe mara nyingi haina lolote. Tazama karatasi ya mtu mzima: chembe nyeupe 4.2, limfosaiti asilimia 52, H. Mstari mwingine, ambao hakuna anayeusoma, unatoa idadi kamili: 2.2. Kiwango cha mtu mzima ni kama 1.0 hadi 4.0. Hakuna kilichopanda! Nyutrofili zake ndizo chache, jambo la kawaida kwa Waafrika wengi wenye afya njema, basi asilimia ya limfosaiti ikaonekana kubwa. Na mtoto wa miaka miwili akipimwa kwa viwango vya baba yake, atapata H hata akiwa anacheza mpira.

Mwaka 2008 watoto wenye homa walichunguzwa Dar es Salaam na Ifakara: takriban 70 kati ya 100 walikuwa na ugonjwa wa virusi, 22 wa bakteria. Kibaha nayo ilishatufundisha. Katika vijiji vitano, wahudumu wa afya wa jamii walipopewa kipimo cha haraka cha malaria, waliopewa dawa mseto walishuka kutoka takriban 97 hadi 53 kwa kila wagonjwa 100. Wengi walikuwa wakimeza dawa ya ugonjwa wasiokuwa nao. Sasa kipimo kikikanusha malaria, "maambukizi kwenye damu" yanakalia kiti chake. Mgonjwa naye, tuseme kweli, hapendi kurudi nyumbani mikono mitupu.

Aliye mahututi achomwe sindano upesi, sibishani. Lakini bakteria kwenye damu huthibitishwa kwa kuotesha damu maabara, si kwa herufi.

Ninayemhofia ni mzee wa Maneromango mwenye idadi kamili ya limfosaiti 30, mwezi wa nne sasa hazishuki, kashamaliza dozi tatu za sindano. Huyo huenda ana saratani ya damu. Slaidi yake isomwe kwa hadubini, na rufaa ya Muhimbili iandikwe wiki hii.