Metani ya Ziwa Kivu iingie darasani

Goma inapika kwa makala, na sehemu kubwa ya makala hayo inatoka katika msitu wa Virunga. Mbele ya mji kuna Ziwa Kivu, ambalo ndani ya kina chake kuna karibu kilomita za ujazo 60 za gesi ya metani.

Mwanafunzi wa sekondari anaijua metani kwa ubao tu: atomu moja ya kaboni imeshikana na nne za hidrojeni, CH4. Kaboni ina mikono minne, ndiyo maana inaunga minyororo mirefu hadi petroli. Anakariri, anafanya mtihani, anasahau. Mara nyingi haambiwi kwamba gesi hiyo iko chini ya mitumbwi ya wavuvi, wala kwamba ikiungua inatoa joto, maji na gesi kaboniki, ileile inayoua watu katika mazuku.

Ng'ambo ya pili, Rwanda inaizalishia umeme: mtambo wa KivuWatt una megawati 26. Kongo bado inangoja. Serikali inayotaka mafundi wa kesho iwape walimu maabara leo. Ziwa ni moja. Kinachotofautiana ni nani anajua kulitumia.